Kutoka Pemba hadi Daraja la Umoja: safari ndani ya Cabo Delgado

Pemba hii ni mji mkuu wa mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, si kisiwa cha Zanzibar, ingawa mtu wa Wete akishuka ufukweni Paquitequete atasikia Kimwani na kushika maneno mengi. Ni ufuko huohuo ambao Oktoba 2020 ulipokea maelfu ya watu waliokimbia kwa mashua kutoka visiwani na wilaya za kaskazini. Ukitaka kujua jinsi vita na wapiganaji wanaojinasibisha na Dola la Kiislamu vinavyopiganwa, na jinsi mkoa unavyojengwa upya huku vita vikiendelea, safari ianzie hapa. Ofisi za Umoja wa Mataifa ziko hapa, maghala ya chakula na maturubai yako hapa, na ndipo yalipokuwa makao ya SAMIM, kikosi cha nchi za SADC, tangu kilipoingia Julai 2021 hadi kilipoondoka Julai 2024.

Nilipanga kwenda kaskazini kwa barabara ya N380, nipite Macomia na Awasse hadi Mocímboa da Praia na Palma, kisha nirudi Awasse, nipande Mueda na kutokea Tanzania kwenye Daraja la Umoja. Ilikuwa kiangazi cha 2025. Masika hakuna anayepanga safari hii kwa tarehe: maji yakijaa Mto Messalo, kaskazini yote hukatika, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2019 daraja lilipoharibiwa na mafuriko, miezi michache kabla ya miji kuanza kuanguka mikononi mwa wapiganaji.

Mtanzania hahitaji viza kwa ziara fupi, lakini pasipoti peke yake haikufikishi mbali. Unahitaji barua ya serikali ya mkoa inayotaja majina ya wote walio ndani ya gari, namba ya gari, wilaya mtakazopita na sababu ya safari. Kila wilaya unayofika, unajiandikisha kwanza kwa msimamizi wa wilaya na kwa polisi, na kila ofisi hubaki na nakala. Nakala kumi si nyingi, kwa sababu umeme ukikatika hakuna mashine ya kutolea nyingine. Jina lililoandikwa tofauti kidogo na lilivyo kwenye pasipoti linatosha kukulaza kizuizini hadi simu ipigwe Pemba, na simu hiyo inategemea mnara wenye dizeli.

Mafuta tulijaza Pemba, matangi yote mawili, na madumu juu. Matairi ya akiba mawili, si moja. Ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, maana kwenye mchanga jeki huzama badala ya kuinua gari. Pesa taslimu za noti ndogo: M-Pesa na e-Mola zipo, ila wakala wa wilayani mara nyingi ana salio kwenye simu na hana noti kwenye droo, au ana noti na mtandao umelala.

Pemba hadi Macomia ni kama kilomita 200. Sehemu ya kwanza, hadi njia panda ya Sunate, ni barabara ya kawaida yenye malori, wauza mkaa na chapa, kama wanavyoita daladala. Baada ya hapo vijiji vinapungua, na nyumba nyingi zimebaki kuta za udongo zisizo na paa. Macomia yenyewe ndiyo inayofundisha zaidi kuhusu ushirikiano wa majeshi, kwa hiyo nikae nayo kidogo.

Vita vilianza Oktoba 5, 2017, wapiganaji waliposhambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia. Wenyeji waliwaita mashababi, ingawa hawakuwa tawi la Al-Shabaab ya Somalia. Kuanzia 2019 Dola la Kiislamu likaanza kudai mashambulizi yao kuwa yake. Agosti 2020 waliuteka mji wa Mocímboa da Praia na kuushikilia mwaka mzima. Machi 24, 2021 wakaingia Palma, jirani kabisa na mradi wa gesi wa TotalEnergies wenye thamani ya dola bilioni 20, na mradi ukasimama. Msaada wa kijeshi ulikuja baada ya hapo, na ulikuja kwa mafungu. Rwanda ilituma watu 1,000 Julai 2021 kwa makubaliano yake na Maputo. SADC ikaja mwezi huohuo kwa utaratibu mwingine, na nchi nane zikachangia. Umoja wa Ulaya ukaja kufundisha: komandoo Chimoio na askari wa majini Katembe, kombania 11 kwa jumla, bila wakufunzi hao kwenda mapiganoni.

Ramani ikagawanywa. Wanyarwanda walichukua Palma na Mocímboa da Praia. Afrika Kusini ikawa Macomia, Botswana upande wa Mueda, Tanzania na Lesotho Nangade. Kwenye karatasi mgawanyo huo ni mzuri, kila mtu anajua eneo lake. Lakini nguo huchanikia penye mshono. Wanyarwanda walipowasukuma wapiganaji kutoka Mocímboa da Praia, iliyokombolewa Agosti 8, 2021, wengi hawakufa wala kujisalimisha. Walihamia misitu ya Macomia na bonde la Messalo, ambako jeshi lingine lilikuwa ndiyo kwanza linafungua mahema. Katikati ya 2022 wakaibukia Ancuabe na Chiúre, kusini kabisa, kusikokuwa na eneo la mtu. Na Mei 10, 2024, wakati kikosi cha SADC kinafunga virago, waliingia Macomia mjini, wakapora maghala ya misaada na magari ya mashirika, na kuondoka kwa muda wao wenyewe.

SADC haikushindwa kwa uoga. Askari wake walikufa huko. Ilishindwa kwa fedha na kwa muda: idhini ya kwanza ilikuwa ya miezi mitatu, kisha ikawa inaongezwa kidogo kidogo, na kikosi kisichojua kama kitakuwepo robo mwaka ijayo hakijengi mtandao wa watu wa kukipa habari. Mwanakijiji anayeombwa kuonyesha njia za msituni anahesabu kwanza nani atabaki hapa mwakani. Mwishoni mwa 2023 SADC ilifungua kazi nyingine mashariki ya Congo, na Afrika Kusini haikuweza kubeba zote mbili. Wanyarwanda ndio walioziba Macomia baadaye. Gharama zao wamezibeba zaidi wenyewe. Umoja wa Ulaya uliwaongezea euro milioni 20 Desemba 2022 na kiasi kama hicho Novemba 2024.

Kutoka Macomia hadi Awasse magari ya raia yanasindikizwa. Msafara hukusanyika alfajiri. Askari wanaandika namba za magari, idadi ya abiria na aina ya mzigo, kisha gari la jeshi linaongoza, jingine linakaa katikati, la mwisho linafunga. Msafara ukiwa mrefu kuliko magari ya kijeshi yaliyopo, sehemu ya kati hubaki wazi, na wavamizi wanalijua hilo. Tatizo la kila mara ni mwendo. Lori lililozidishwa mzigo linakwenda taratibu, wenye magari madogo wanachoka, wanalipita, msafara unakatika vipande viwili. Kipande cha mbele kina ulinzi na cha nyuma hakina. Pancha moja hulazimisha uamuzi mgumu: wote wasimame porini, au mwenye pancha aachwe. Ndiyo maana dereva mzoefu hubadilisha tairi linalotia shaka kabla ya kuondoka, hata kama bado lina uhai.

Mabomu ya kufukiwa barabarani yalianza kuonekana baada ya Mocímboa da Praia kukombolewa, wapiganaji walipopoteza miji na kugeukia njia. Kanuni ni kukanyaga alama za matairi ya gari lililo mbele, na kuacha nafasi ya kama mita 50, kiasi kwamba mlipuko mmoja usiguse magari mawili lakini usipoteze macho ya mwenzako. Udongo uliochimbuliwa karibuni, shimo lililozibwa jana, waya, hata tawi bichi lililolazwa njiani, vyote ni sababu ya kusimama. Kwenye barabara nyingi za Msumbiji vijana huziba mashimo kwa udongo na kuwaomba madereva sarafu. Hapa kazi hiyo halali imegeuka fumbo: askari hawezi kujua kwa macho shimo lililozibwa na kijana mwenye njaa na lililozibwa na mtu mwingine. Na pale msafara usipopita, wapiganaji wenyewe huweka vizuizi na kutoza wasafiri pesa, wakawaachia walipaji. Kwao barabara iliyofunguliwa bila ulinzi ni kitega uchumi.

Tulipita Chai, ambako FRELIMO ilipiga risasi zake za kwanza dhidi ya Wareno Septemba 25, 1964. Tukavuka Messalo. Tukapita Xitaxi, ambako Aprili 2020 waliuawa zaidi ya vijana 50 kwa sababu, kwa maelezo ya polisi, walikataa kujiunga na kundi. Hakuna aliyeshuka garini.

Awasse ni njia panda yenye kituo cha kupozea umeme. Kilipoharibiwa 2020, Mueda, Nangade, Muidumbe, Mocímboa da Praia na Palma ziliingia gizani kwa pamoja, kwa kuwa zote zinakula laini moja. Kwa yeyote anayepanga ujenzi mpya hili ni la kuandikwa juu kabisa: kituo kimoja, wilaya tano. Bila umeme hakuna friji ya chanjo, hakuna mashine ya kusaga, hakuna barafu ya samaki, na samaki asiye na barafu huuzwa kwa bei ya kutupa kabla ya adhuhuri.

Kuanzia Awasse hadi pwani vizuizi ni vya Wanyarwanda, na lugha inabadilika. Askari anamwambia mzee aliyebeba baiskeli: "Habari ya safari, mzee wangu. Kitambulisho unacho?" Mzee anajibu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kimwani, anaeleza shamba lake liko wapi na nani anamfahamu. Mazungumzo yanachukua dakika mbili na anapita. Askari wengi wa Msumbiji wanatoka kusini na hawajui Kimwani wala Kimakonde. Wanamhoji mtu huyohuyo kwa Kireno, yeye anababaika, na kubabaika kunasomwa kama hatia. Tofauti hiyo haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji wakalimani wa Kimwani, Kimakonde na Kimakua kwenye kila kikosi kinachosimamisha watu njiani, na kozi fupi ya Kiswahili kwa makamanda.

Kitambulisho anachoulizwa mzee ndicho kikwazo kikubwa kuliko vyote. Watu walikimbia usiku, karatasi zikaungua na nyumba, na ofisi za usajili za wilaya zikaungua na daftari zake. Asiye na kitambulisho hapiti kizuizini, hasajili laini ya simu, hapokei pesa, na mtoto wake hafanyi mtihani. Tena anafanana na mpiganaji, ambaye naye hana karatasi. Timu za usajili zinazohama kijiji hadi kijiji, zikiwemo za UNHCR na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji, zimefanya kazi ambayo kwa maoni yangu ni ya usalama kabisa, ingawa inahesabiwa kwenye fungu la misaada. Kinachokwama ni hiki: fomu inajazwa kijijini, kadi inachapwa mbali, na ikirudi mwenyewe amehama. Karatasi ya muda ikiisha kabla ya kadi kufika, mtu anarudi alipoanzia.

Mocímboa da Praia ilikuwa tupu ilipokombolewa, na wakazi wameanza kurudi kwa wingi tangu 2022. Utaona paa jipya la bati pembeni ya ukuta wenye matundu ya risasi, soko linalouza nyanya na betri, na misikiti iliyojaa Ijumaa. Anayerudi hujenga kwa fito, mianzi na udongo, na paa la makuti au turubai. Turubai la msaada ni la mita 4 kwa 6, linafunika chumba na kibaraza, na chini ya jua lile huanza kupasuka kwenye mikunjo baada ya mwaka au miwili. Kamba na misumari huwa haba kuliko turubai. Mianzi ipo, lakini iko porini, na kuifuata porini ndiko kunakomfanya mtu akutane na asiotaka kukutana nao. Kwa hiyo bei inapanda kila eneo salama linapopungua upana.

Kwenye pampu moja ya maji nje kidogo ya mji nilisimama muda mrefu. Ni Afridev, pampu ya mkono inayotumika Msumbiji nzima. Foleni ya ndoo ilikuwa ndefu, mkono wa pampu unapigwa mara kumi kabla ya maji kutoka, na yakitoka ni kidogo. Hiyo ni dalili ya mpira wa pistoni kuchakaa, au vali ya chini kushindwa kushika maji. Pampu hii iliundwa ili kijiji kiitengeneze chenyewe: unafungua kichwa kwa spana moja, unavuta fito za chuma zilizounganishwa kwa kulabu moja baada ya nyingine, pistoni inatoka bila kung'oa bomba kubwa, unabadilisha mpira, unarudisha. Mafundi wawili wanamaliza asubuhi moja. Mpira wenyewe ni wa bei ndogo. Lakini kamati ya maji ilitawanyika na vita, spana iliporwa, na duka la vipuri lililo karibu liko upande wa pili wa barabara inayohitaji msafara wa jeshi. Hesabu yake ni hii: watu 300 kwa pampu, lita 15 kwa mtu kwa siku, ni lita 4,500, pampu nzima hutoa kama lita 1,000 kwa saa, yaani saa nne na nusu za kupiga mkono bila kupumzika. Mpira ukichakaa na kutoa nusu, saa ni tisa, na wanawake wanaanza kuchota gizani, wakati wa amri ya kutotembea usiku au karibu nao. Sanduku moja la mipira, vali na spana kwa kila kata, pamoja na mafundi wawili waliofundishwa na kulipwa na watumiaji, lina thamani kuliko kisima kipya chenye bango la mfadhili.

Baharini mambo ni hayohayo. Jeshi la majini huzuia uvuvi maeneo mengine, kwa sababu wapiganaji walitumia mashua kupitisha watu na chakula kati ya visiwa. Sababu ni ya kweli. Lakini mji huu unaishi kwa samaki, na kijana aliyenyimwa bahari bila kupewa kitu kingine ndiye yuleyule ambaye kundi lilimwendea mwanzo na mkopo wa mtaji. Kusajili vyombo, kuvipaka namba kubwa zinazosomeka kwa mbali na kutoa saa za kutoka na kurudi kungewezekana. Kunahitaji mtu mmoja wa jeshi na mmoja wa mamlaka ya uvuvi kukaa meza moja kila asubuhi ufukweni, na hao wawili wana wakubwa tofauti.

Palma iko kama kilomita 80 zaidi. Doria za miguu za Wanyarwanda hupita sokoni, wananunua ndizi, wanasalimia. Mradi wa gesi pale Afungi ulibaki umefungwa rasmi hadi ulipofunguliwa tena mwishoni mwa 2025. Nje ya uzio kuna Quitunda, kijiji cha nyumba za matofali walichojengewa waliohamishwa kupisha mradi, na ambacho mwaka 2021 kiligeuka kimbilio la maelfu waliotoroka Palma. Nyumba ni imara. Bahari na mashamba viko mbali kuliko vilivyokuwa Quitupo, kijiji chao cha zamani. Ulinzi mkubwa kuliko wote mkoani umewekwa kwenye eneo hili, na mtu wa Muidumbe au Macomia anaona hilo vizuri bila kuelezwa na mtu.

Serikali ilipitisha mpango wa ujenzi mpya wa Cabo Delgado Septemba 2021, wa dola milioni 300, na Benki ya Dunia ilikuwa imeshatoa milioni 100 mwaka huohuo kupitia mashirika ya Umoja wa Mataifa. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na ofisi za wilaya. Zilipangwa kwa dhana kwamba vita vinaisha na watu wanarudi, mstari ulionyooka. Hali halisi ni watu kurudi, kukimbia tena, kurudi. Julai 2025 Chiúre pekee ilitoa makumi ya maelfu ya wakimbizi wapya, na mwaka huohuo Marekani ikaivunja USAID, iliyokuwa mfadhili mkubwa. Zahanati ya saruji haihami. Muuguzi mwenye pikipiki, sanduku baridi la chanjo na mshahara unaolipwa kwa wakati anahama na watu wake, kisha anarudi nao.

Tulirudi Awasse na kupanda uwanda wa Mueda, nchi ya Wamakonde, kuliko na baridi na uhaba wa maji. Maji hapa yako chini sana. Afridev inafaa hadi kama mita 45, haifiki. Tangu enzi za Wareno yanasukumwa kwa mitambo kutoka mabondeni, mfano Chomba, na dizeli au umeme ukikosekana yanauzwa kwa pipa. Kambi za waliokimbia vita, Lyanda na Eduardo Mondlane, zilifunguliwa juu ya uwanda huu kwa sababu ni salama, si kwa sababu kuna maji. Pampu za jua zimepunguza gharama, lakini visima vya kina kile vinataka inveta na mota kubwa, na inveta ikiungua fundi anatoka Pemba au Nampula.

Kutoka Mueda hadi Negomano ni vumbi jekundu na mitambo ya barabara. Benki ya Maendeleo ya Afrika inafadhili kuijenga. Daraja la Umoja, mita 720 juu ya Ruvuma, lilifunguliwa Mei 2010 na Marais Kikwete na Guebuza. Upande wa pili ni Mtambaswala, wilaya ya Nanyumbu.

Tanzania ina sababu zake za kulinda mto huu. Polisi walisema baadhi ya waliofanya mauaji ya Kibiti na Rufiji 2017 walikimbilia Msumbiji, na Oktoba 2020 wapiganaji walivuka na kushambulia Kitaya, Mtwara. SADC ilipoondoka, askari wa Tanzania walibaki Nangade kwa makubaliano ya nchi mbili, uamuzi sahihi, maana kikosi kingine chochote kingeanza upya kujifunza eneo lile. Lakini katika nusu ya kwanza ya 2021, UNHCR iliripoti kuwa Tanzania ilirudisha zaidi ya watu 9,000 waliokimbia kutoka Palma na vijiji vyake, wakashushwa hapa Negomano, wengine bila ndugu waliotoka nao. Baadhi walikuwa na ndugu Mtwara Mikindani ambao wangewapokea. Kuchuja watu mpakani kunahitaji mhoji anayejua Kimwani, orodha ya vijiji na majina ya masheha, na siku chache za kuwahifadhi. Kuwarudisha kwa basi kunahitaji dereva tu, na kulipoteza mashahidi ambao wangeeleza nani aliingia Palma na kwa njia ipi.

Mpakani malori yalikuwa machache. Saruji inayotengenezwa Mtwara iko karibu zaidi na Palma kuliko ile inayopanda kutoka Nacala kwa kupita N380 na misafara yake, na kabla ya vita wafanyabiashara wa pande zote walikuwa wakivuka Ruvuma kwa biashara ya mchele, mafuta ya kula na samaki. Kivuko cha karibu na pwani, Kilambo upande wa Tanzania na Namoto upande wa Msumbiji, ndicho kinachofaa kwa biashara hiyo. Kinachohitajika pale ni pantoni inayofanya kazi hata maji yakipungua, ofisi ya forodha yenye umeme na intaneti, na orodha moja ya wasafiri inayosomwa na maofisa wa pande zote mbili kwa wakati mmoja.